Friji Inapiga Shoti na Breka Haijakata: Kwa Nini?

Kuanzia Mbagala hadi Bunju, swali hili la umeme wa nyumbani linaulizwa kila siku: nimegusa mlango wa friji nikapigwa shoti, nikaenda kuangalia meni swichi, breka zote zimesimama. Ina maana breka ni mbovu?

Mara nyingi breka ni nzima kabisa. Imefanya kazi yake, ila kazi yake siyo ile tuliyoizoea vichwani mwetu. Tumejengewa imani kwamba mtu akipigwa na umeme, breka itakata. Imani hiyo inaua watu, na inaua zaidi watoto na wale wanaoingia bafuni peku, kwa hiyo nataka tuifungue taratibu, waya kwa waya.

Nyumba inahitaji kinga tatu tofauti. Breka inalinda waya zisiungue. Ethi inalinda bodi za chuma, kama za friji, pasi na pampu, zisibaki na umeme. Kinga ya tatu, swichi inayokata umeme unapovuja, ambayo mafundi na wauzaji wa Kariakoo wanaiita RCD, ndiyo pekee iliyotengenezwa kwa ajili ya mwili wa binadamu. Nyumba nyingi nilizofunguliwa meni swichi nikaangalia zina ile ya kwanza, zina ya pili kwa jina, na ya tatu ama haipo ama imerukwa.

Breka inaangalia nini

Waya unaopitisha umeme unapata joto. Ukipitisha mwingi kuliko unene wake, plastiki inalainika, inaungua, na moto unaanzia ndani ya ukuta au juu ya dari pasipo mtu kuona. Ndiyo maana waya wa milimita za mraba 1.5 wa taa unawekewa breka ya ampea 6 au 10, na ule wa 2.5 unaokwenda kwenye soketi kwa njia moja unawekewa breka ya ampea 20. Umeme ukizidi kidogo, kipande cha chuma ndani ya breka kinapata joto, kinajipinda na kukata baada ya muda. Ukizidi sana kwa ghafla, kama laivu (waya unaoleta umeme) inapogusana na nyutro (waya unaourudisha), sumaku iliyomo ndani inavuta na kukata papo hapo. Lakini huko "kuzidi sana" ni kukubwa kweli: breka ya ampea 32 ya aina B inakata papo hapo umeme unapofika mara 3 hadi 5 ya namba yake, yaani kati ya ampea 96 na 160.

Sasa chukua mwili wa mtu aliyelowa, amesimama peku kwenye sakafu yenye maji. Ukinzani wake, yaani anavyozuia umeme kupita, unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Umeme wetu ni volti 230. Gawanya: ampea 0.23. Kwa breka, hiyo ni sawa na balbu moja ya zamani ya wati 50 na kidogo. Haioni sababu yoyote ya kukata, na haitakata hata mtu huyo akining'inia pale saa nzima. Kwa mwili ni habari nyingine. Ikifika ampea 0.01 hivi misuli ya mkono inajikaza na mtu anaweza kushindwa kuachia alichoshika. Kuanzia ampea 0.05 hadi 0.1, kwa muda wa sekunde moja tu au zaidi kidogo, moyo unaweza kuanza kutetemeka ovyo na kuacha kusukuma damu. Kati ya kinachoua mtu na kinachoishtua breka kuna pengo la mamia ya mara.

Hapohapo niseme jambo linalonikera. Breka inapokatakata, kuna mafundi wanaoitoa na kuweka kubwa zaidi: ya 20 inaondoka, inakuja ya 32, na mwenye nyumba anafurahi kwamba "tatizo limekwisha". Waya ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba sasa waya utaungua kabla breka haijastuka. Breka ikikatakata, tafuta mzigo uliozidi au sehemu inayogusana. Kama umeongeza kiyoyozi au jiko la umeme, vuta waya wake mnene kutoka meni swichi, wenye breka yake.

Ethi ipo, lakini inafika wapi?

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo.

Nyumba ya umeme wa njia moja (singo fezi) inaletewa kutoka nguzoni nyaya mbili, laivu na nyutro, zinaingia kwenye mita ya LUKU. Wajibu wa TANESCO unaishia kwenye mita. Ethi hauletewi, unaitengeneza mwenyewe kwa kuchimbia fimbo ya chuma iliyopakwa shaba nje ya nyumba, na kutoka kwenye fimbo hiyo waya wa kijani wenye mstari wa njano unakwenda kwenye meni swichi, kisha kwenye kila soketi. Laivu ikichubuka ndani ya friji na kugusa bodi, umeme unashuka kwenye waya huo, unaingia ardhini, unasafiri kwenye udongo hadi kwenye ethi ya transfoma, na huko unakutana na nyutro ambayo nayo imeunganishwa na ardhi.

Udongo ndiyo kizuizi. Tuseme fimbo yako imechimbiwa vizuri na ukinzani wa njia nzima ni omu 20, kiwango ambacho fundi yeyote angejivunia. Volti 230 ukigawanya kwa 20 unapata ampea 11.5. Breka ya 20 haitakata. Ya 32 ndiyo kabisa. Umeme unavuja ardhini usiku na mchana, na bodi ya friji inabaki na volti za kumdhuru mtu, kwa sababu sehemu kubwa ya zile 230 inabaki juu ya fimbo yako yenyewe.

Kwa hiyo mtu anayesema "nyumba yangu ina ethi, niko salama" ana nusu ya jibu. Kwa aina ya umeme tunaoletewa, fimbo peke yake haina nguvu ya kuifanya breka ikate.

Kuna dalili moja ya uvujaji huu ambayo watu wa Dar wanaiona kila mwezi bila kuitambua: uniti. Ampea 11.5 kwa volti 230 ni wati 2,645. Kwa saa 24 ni uniti zaidi ya 63. Mteja wa daraja la matumizi madogo, D1, hatakiwi kuzidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi mzima. Uvujaji wa namna hii unakaribia kuzimaliza kwa siku moja. Uvujaji mdogo zaidi, wa ampea moja tu, unakula uniti 5 na nusu kila siku. Kabla hujaamini kwamba mita "inakimbia", zima breka zote moja moja uangalie taa ya mita inayopepesa. Ikitulia ulipozima breka ya pampu, na pampu yenyewe haikuwa ikifanya kazi, umepata pa kuanzia. Ikiendelea kupepesa hata breka zote zikiwa chini, uvujaji unaweza kuwa kwenye nyaya kati ya mita na meni swichi, au kuna waya wa mtu mwingine umepenya hapo katikati.

Udongo wetu una tabia zake. Sehemu kubwa ya jiji imekaa juu ya mchanga, na mchanga mkavu ni mpitishaji mbaya wa umeme. Fimbo fupi iliyopimwa mwezi Aprili, masika imeshiba, inaweza kutoa majibu mazuri, kisha mwezi Februari ikawa kama haipo. Ndiyo maana urefu una maana kuliko unene: fimbo ndefu inafika kwenye unyevu ambao jua halifiki. Zikiwa mbili, ziachane angalau kwa urefu wa fimbo moja, la sivyo zinagombania udongo uleule. Chumvi na mkaa vinavyomwagwa kwenye shimo vinashusha ukinzani kwa muda, ila chumvi inasombwa na mvua na inakula chuma. Nondo ya kujengea isitumike kabisa. Inashika kutu, na kutu inatenganisha chuma na udongo. Hata fimbo nzuri inashindwa pale juu, kwenye kibanio cha waya, kwa hiyo iachie kishimo chenye mfuniko ambacho unaweza kukifunua ukaangalia. Fimbo iliyozikwa chini ya pevingi hakuna atakayeiangalia tena.

Swichi inayolinganisha umeme unaokwenda na unaorudi

RCD inatazama kitu ambacho breka haitazami. Laivu na nyutro zote mbili zinapita ndani ya pete moja ya chuma. Nyumba ikiwa nzima, umeme uliotoka kwa laivu unarudi wote kwa nyutro, na sumaku za nyaya hizo mbili zinafutana ndani ya pete. Kiasi fulani kikipotelea njiani, kwa kupitia bodi ya friji kwenda ardhini au kwa kupitia mwili wa mtoto kwenda sakafuni, hesabu haiwiani, pete inahisi tofauti, na swichi inakata.

Ile ya kulinda watu imeandikwa 30 mA, yaani ampea 0.03. Kwa viwango, uvujaji ukifika hapo inapaswa kukata ndani ya sekunde 0.3, na ukifika mara tano yake, ndani ya sekunde 0.04. Mtu atashtuka, ataruka, pengine atalia. Lakini moyo una nafasi.

Unapokwenda kununua, soma namba hiyo kwa macho yako. Zipo za 100 mA na 300 mA, zimekaa kwenye kabati lilelile la duka na zinafanana kama pacha. Hizo ni za kuzuia moto na uvujaji mkubwa, na hazitoshi kuokoa mtu. Namba kubwa kama 40 A au 63 A ni mzigo ambao swichi inaweza kubeba. Haihusiani na kinga ya mwili.

Kinachonifurahisha kwenye kifaa hiki ni kwamba kinasamehe ethi mbaya. Tukitaka bodi ya kifaa isizidi volti 50 kabla umeme haujakatwa, gawanya 50 kwa 0.03: omu 1,667. Wataalamu wanashauri usivuke 200 ili ethi isiyumbe na majira, na 200 inawezekana hata kwenye mchanga wa Kigamboni. Ile hesabu ya omu 20 iliyoshindwa kukata breka hapo juu, kwa RCD ni zaidi ya kutosha.

Ina mipaka yake, na ni vizuri kuijua. Ukishika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine ukiwa umesimama juu ya kiti cha plastiki, kwa RCD wewe ni balbu. Umeme unakwenda na kurudi sawasawa, haikati. Pia ile ya kawaida haizuii mzigo kuzidi, kwa hiyo breka zinabaki palepale. Zipo zilizounganishwa mbili kwa moja, zinaitwa RCBO, na faida yake ni kwamba hitilafu ya pampu inazima pampu peke yake na kuacha friji ikiendelea.

Kitufe kidogo chenye herufi T kibonyeze angalau mara mbili kwa mwaka. Isipokata, ibadilishwe. Ila kitufe kinapima swichi yenyewe tu. Hakikuambii kama fimbo ya nje bado ipo.

Inapokata kila mara

Wengi wameirukisha RCD kwa sababu "inasumbua", hasa mvua zinapoanza. Haisumbui. Inakueleza kuna kitu kimelowa.

Kumtafuta mkosaji unaweza mwenyewe, bila kufungua chochote. Chomoa kila kitu kwenye soketi, na nasema chomoa, siyo kuzima swichi ya ukutani, maana swichi hiyo kwa kawaida inakata laivu peke yake na nyutro inabaki imeunganishwa. Shusha breka zote. Pandisha RCD. Kisha pandisha breka moja moja. Ikikata ulipopandisha ya taa za nje, hapo ndipo penye maji: taa ya geti, taa za ukuta wa uzio, boksi la maungio lililoachwa wazi. Kama zote zimesimama, rudisha vifaa kimoja kimoja. Wakosaji wakuu wa Dar, kwa nilivyoona, ni pampu ya kisima, pasi ya zamani, jagi la umeme na shawa ya umeme. Maji ya visima vyetu mengi yana chumvi, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi. Kwenye shawa za bei nafuu, koili inayochemsha inakaa uchi ndani ya maji yenyewe, kwa hiyo uvujaji kidogo umo kwenye muundo wake. Ukitaka shawa na RCD vikae pamoja, nunua ile ambayo koili yake imefunikwa.

Kama inakata na hakuna kifaa chenye kosa, mwambie fundi aangalie nyutro. Nyutro iliyopita kwenye RCD ikichanganywa na isiyopita humo, au ikigusa ethi mahali popote baada ya RCD, hesabu haitawiana kamwe.

Nyutro ina hatari zake

Testa ya bisibisi ikiwaka kwenye matundu yote mawili ya soketi, na vifaa haviwaki, watu hudhani umeme umekuwa mwingi. Ukweli ni kwamba nyutro imekatika mahali. Laivu inapita kwenye taa au feni uliyoiacha imewashwa, inafika kwenye waya wa nyutro, na haina pa kwenda. Waya ambao siku zote ulikuwa mpole sasa una volti zote 230. Zima meni swichi kabla ya kugusa lolote.

Nyutro ikikatika barabarani ni mbaya zaidi. Laini ya mtaa ni ya njia tatu (fezi tatu), na nyumba jirani zinachukua njia tofauti huku zikitegemea nyutro moja. Ikikatika, nyumba mbili zinajikuta zimefungana kati ya laivu mbili zenye volti 400. Na yenye mzigo mdogo ndiyo inayopata volti nyingi: wewe uliyewasha taa moja na televisheni unaunguliwa na vitu, jirani mwenye pasi na jiko anaona taa hafifu. Taa zikianza kung'aa kupita kawaida, kimbilia meni swichi. Friji gadi inasaidia siku kama hiyo. Kwa mtu anayepigwa shoti haina msaada wowote.

Sasa ule ujanja ninaotaka ukome. Fundi ameambiwa soketi haina ethi. Badala ya kuvuta waya wa kijani, anachukua kipande cha waya na kuunganisha tundu la ethi na la nyutro ndani ya soketi hiyohiyo. Kwenye kipimo itaonekana ethi ipo. Kisha siku nyutro inakatika, zile volti 230 zisizo na pa kwenda zinaingia moja kwa moja kwenye bodi ya friji kupitia waya uliowekwa kuilinda. Ukikuta kiungo hicho nyumbani kwako, kitolewe leo. Soketi isiyo na ethi kabisa ni afadhali kuliko hiyo.

Ndugu yake ni kijiti au kalamu inayochomekwa kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie. Mguu wa ethi umetengenezwa mrefu makusudi: unatangulia kufungua vifuniko vya matundu ya chini na kuunganisha ardhi kabla laivu haijafika. Kalamu inafungua vifuniko na kumwachia mtoto matundu wazi. Badilisha plagi.

Kutekenya na kupiga

Kompyuta au bodi ya televisheni inayotekenya vidole mara nyingi haina ubovu. Ndani ya pawa yake kuna vichujio vidogo vinavyopeleka umeme kiduchu kwenye bodi, vikitarajia ethi iuchukue. Pasipo ethi, bodi inaelea kwenye volti 115 hivi, lakini umeme wenyewe ni mdogo mno kumdhuru mtu mzima mwenye afya, na testa itawaka. Ukitekenywa, huenda soketi hiyo haina ethi. Ukipigwa, kifaa kina hitilafu. Kichomolewe na kisichomekwe tena mpaka kifunguliwe.

Kupima ethi kusifanywe kwa kufunga balbu kati ya laivu na ethi, ingawa nimeona ikifanywa sana. Kama waya wa kijani umekatika kabla ya fimbo, balbu hiyo inapeleka umeme kwenye bodi za vifaa vyote vya nyumba kwa wakati mmoja, na huenda mtu yuko jikoni. Mita ya kawaida ya volti nayo itakuonyesha 230 hata kwenye ethi dhaifu kupindukia, kwa kuwa yenyewe haivuti umeme wa maana. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA na mwenye kipimo cha ethi na cha RCD, umwombe akuandikie namba mbili: omu za fimbo na muda ambao RCD ilichukua kukata. Akisema "ethi ipo, iko vizuri" bila namba, mwambie kwa upole, "Fundi, naomba unionyeshe kipimo."

Kwa mpangaji wa chumba na sebule, meni swichi iko kwa mwenye nyumba na mita ni ya watu wanne, mambo ni magumu zaidi, lakini njia ipo. Kuna plagi na soketi zenye RCD ya 30 mA ndani yake. Inafanya kazi hata pasipo ethi, ila hapo itasubiri mpaka mtu aguse ndipo ikate. Ianzie kwenye pasi na jagi, vitu vinavyoshikwa mkononi, kisha friji, na ukihama unaondoka nayo.